Mkwe Aliyekula Nje

Mtu akikukimbia ndani ya nyumba yake mwenyewe, utamwambiaje? Wewe ndiye mgeni, yeye ndiye aliyejenga na kuweka mabati, lakini kila ukiingia kwa mlango huu yeye anatokea kwa mlango ule. Hicho ndicho kitendawili nilichokaa nacho msimu mzima wa mvua. Na mimi, Nkambo Simone, yaani Bibi Simone, ninayejulikana Kapata yote kwa kutega watu vitendawili, jibu lake lilinishinda.

Kapata ndiko nyumbani kwangu. Tulipewa nyumba pale marehemu mume wangu alipokuwa akifanya kazi ya mgodi. Nyumba imezeeka kama mimi. Mvua zilipoanza, maji yakapata njia juu ya kitanda changu, na goti likavimba kwa ubaridi. Binti yangu Marlène akaja na taksi, akaingiza nguo zangu katika mfuko bila kuniuliza.

“Mama, leo unahama. Utarudi huku siku bati itapona.”

Nikahamia kwake mjini Kolwezi, kwa mume wake, Gael. Jina hilo naliandika hapa tu. Mdomoni silitaji, kwa sababu kwetu mama mkwe na mkwe hawaitani majina. Mimi namwita Tata Abi, yaani baba Abi, kwa mtoto wake wa kwanza Abigaëlle, na yeye ananiita Mama. Heshima hiyo tunaiita buko. Zamani ilikuwa kali: mkwe akikuona mbele njiani anaingia majanini mpaka upite, na kula mbele yako hathubutu. Lakini sisi buko yetu ilikwisha kufunguliwa siku nyingi. Kuku alipikwa, Tata Abi akala mbele yangu, wazee wakapiga makofi, mambo yakaisha. Kwa hiyo msiniambie alinikimbia kwa sababu ya desturi.

Yeye ni fundi wa yale malori makubwa yanayobeba mawe ya shaba kwenye mgodi wa Mashamba. Ni mtu mrefu, mpole, anayefunga mlango polepole. Wiki za kwanza alikula na sisi mezani. Bukari, ugali wetu, ikiwa katikati, sombe ya majani ya muhogo kando, mimi nategea watu vitendawili, na wajukuu wanagombania kujibu mpaka Marlène anagonga kijiko kwenye sahani. Siku moja nikaleta kimoja nilichokitunga mwenyewe, nikakielekeza kwa Tata Abi: “Ng'ombe wangu anabeba mlima mgongoni, majani hali, anakunywa tu.” Tata Abi akafikiri, tonge mkononi. Joyeuse, kitinda mimba wao, akamwahi: “Papa, ni kamio yako, ile lori ya Mashamba.” Tulicheka sana. Nilienda kulala nikiwa na furaha.

Baada ya hapo, sijui ni kesho yake au kesho kutwa, Tata Abi akachukua sahani yake akaenda kula nje, chini ya kile kibanda cha majani tunachokiita payote. Akasema ndani kuna joto. Sawa. Siku iliyofuata mvua ilinyesha na baridi ikaingia, na bado akala nje, maji yakimrukia miguuni.

Kisha simu. Nikiingia sebuleni, anaweka simu sikioni: “Allô, ndiyo, ndiyo, chef,” anatoka. Jioni moja akiwa katikati ya hayo mazungumzo yake na huyo chef, mkubwa wake wa kazini, simu ikalia. Ikalia pale pale sikioni mwake. Aliruka kama mtu aliyeumwa na siafu, akaiangalia, akaniangalia, akatoka nje akiwa ameifunika na kiganja. Mimi nikainamisha kichwa, nikajifanya nachambua maharagwe. Lakini nilikuwa nimeona. Mtu anazungumza na simu iliyolala ili asizungumze na mimi.

Ungefikiri nini? Nami nikafikiri hivyo hivyo.

Akaninunulia kiti kirefu chenye mto, akakiweka chumbani kwangu. Nikasema moyoni: ananiwekea kiti huko nyuma ili nisije mbele. Akatengeneza kitasa cha mlango wangu. Nikasema: sasa anataka nifunge.

Kwa Marlène sikufungua mdomo. Mama hamshitaki mkwe kwa binti yake. Ukifanya hivyo umeingiza jiwe katika kitanda chao. Na mkwe vilevile hamsemi mama mkwe kwa mke wake. Basi kila mtu akabaki na lake.

Nikampigia simu kaka yangu Muamba aliyeko Kisenge, kule kwa migodi ya manganizi, nikamwomba pembe ya nyumba. Akasema nije. Nikaongea na Zakaria, mtu mmoja wa asili ya Kasongo anayesafirisha mizigo kwa lori mpaka upande wa Dilolo. Akaniahidi kiti cha mbele, karibu na dereva, kwa heshima ya goti langu. Tungeondoka Jumatatu asubuhi. Marlène nilimwambia naenda kusalimia ndugu. Lakini mimi nilijua: barabara ya Kisenge haimrudishi bibi mwenye goti kama langu. Nikipanda lile lori, Joyeuse nitamsikia kwa simu tu mpaka siku yangu ya mwisho.

Wiki ile ndiyo Abigaëlle alifika kutoka Lubumbashi. Anasoma pale chuo kikuu, mambo ya saikolojia. Zamani nilidhani ni udaktari wa wendawazimu.

“Hapana, Nkambo,” akaniambia. “Ni kujua juu ya nini bantu banafanyaka bile banafanyaka.”

“Na hiyo ndiyo munalipia université? Mi ningekuambia bule.”

“Basi niambie. Nami nitaenda kuona kama ni kweli.”

Mtoto huyo ana mdomo wa ukoo wetu.

Kazi aliyopewa na mwalimu wake ilikuwa hivi. Anachukua watu wawili wasiojuana, anawaketisha pamoja, wanazungumza kidogo juu ya chochote. Halafu anamuuliza kila mmoja peke yake: huyu uliyezungumza naye umempenda? Na yeye, unafikiri amekupenda wewe? Basi, ni hayo tu. Shida ni kwamba akina mama wa mtaa hawakutaka kuulizwa mambo ya moyo na msichana wa hereni. Akaniomba nikae naye, nimimine chai, niwatulize. Akaniapisha kwanza kwamba nitakayosikia nitayameza. Nimeyameza. Majina nitakayowapa hapa siyo yao.

Siku ya kwanza tulikuwa na Mama Aicha, Mwislamu, anauza vitenge, mtu wa kujipamba, na Mama Jeancy anayeuza unga sokoni. Waliketi kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali. Halafu Mama Jeancy akataja vumbi la malori, Mama Aicha akasema yeye anafua mapazia mpaka mapazia yamekonda, na hapo mlango ukafunguka. Walicheka, wakapigana viganja. Chai ilipoa.

Abigaëlle akampeleka Mama Aicha jikoni, nami nikafuata na birika.

“Ule mama nimemupenda,” Mama Aicha akasema. “Anachekesha. Lakini mi nilisema mingi juu ya batoto bangu. Bale ba Kinshasa, bale ba Dubai. Ataenda kusema: ule mwanamuke ni majivuno matupu.”

Akatoka, akaingia Mama Jeancy.

“Ni mama muzuri, hana makuu,” akasema. Kisha akavuta miguu yake chini ya kiti. “Lakini yeye alinichoka. Alionaka bilato byangu bimepasuka. Mutu wa bitenge kama ule atanipendea nini?”

Niliuma ukingo wa kitenge changu. Mama Aicha alikuwa hajataja kiatu hata kimoja. Na Mama Jeancy, habari za Dubai zilikuwa zimemfurahisha, alizirudia kwetu kama hadithi tamu. Nilitamani kuwaita wote wawili niwagonganishe vichwa. Abigaëlle akanikata jicho. Nikamimina chai.

Ikawa hivyo kwa wawili wengine, na wengine tena. Walikuja vijana wa kuchimba kwa mikono, wacreuseur, mmoja wa Kasai, mwingine wa Kivu, wamejaa vumbi mpaka kope. Walipozungumza ungesema mama mmoja amewazaa. Jikoni, yule wa Kivu akasema, “Ule ndugu ni mutu. Lakini Kiswahili changu kilimuchekesha, aliona mi ni mujinga wa milima.” Yule wa Kasai naye akasema, “Kiswahili chake kitamu. Changu ndiyo kibovu. Alikuwa ananivumilia tu.”

Jumamosi jioni tulikuwa tunaosha vikombe, mimi na mjukuu wangu.

“Bote beko bapumbafu?” nikamuuliza.

“Hapana, Nkambo. Ni vile tuko. Baprofesa ba Amerika na ba Ulaya bameuliza bantu babo, bakakuta ile ile tu.” Akakung'uta kikombe. “Mukimaliza kusema, weye unarudilia maneno yako: hapa nilikosea, pale nilicheka mubaya. Unajiangalia na jicho kali. Halafu unafikiri ile jicho kali ni ya mwenzako. Kumbe mwenzako hakuona yote ile. Yeye naye yuko anajiangalia mwenyewe.”

“Kwa sababu habajuane. Bakizoeana itaisha.”

“Itaisha, lakini polepole. Baliangalia banafunzi banalala fasi moja. Miezi na miezi, banatumia bafu moja. Bado kila mutu alifikiri benzake banamupenda kidogo kuliko vile banamupenda kweli.”

Mkono wangu ukasimama ndani ya maji.

“Na kama kweli haupendwe?” nikasema. “Bantu ba kutopendwa beko, Abi. Usinidanganye na kitabu.”

“Beko. Kitabu hakisemi kila mutu anapendwa. Kinasema tu tunakosea sana, na tunakosea upande moja tu.” Akaniangalia kidogo, akaendelea kukausha. “Na hakuna njia ya kujua kama hauulizi.”

Msifikiri niliruka kwa furaha. Usiku niligeuka kitandani na simu ile ililia masikioni mwangu. Mama Jeancy alikuwa na viatu vyake tu, mambo ya kujitungia. Mimi nilikuwa na ushahidi. Lakini wale wote jikoni nao walikuwa na ushahidi, na kila mmoja aliutoa kwa uso wa mtu aliyeona kwa macho yake.

Jumapili Marlène na watoto walibaki kanisani kwa mazoezi ya kwaya. Mimi nilirudi mapema. Tata Abi alikuwa uani, katika lupango, boneti ya gari yake iko wazi, amejipaka oili mpaka kiwiko. Nilikokota kiti changu kirefu, kile chenye mto, kutoka chumbani mpaka nje. Kilikuwa kizito. Alinisikia, akaja mbio kunipokea, akakiweka kivulini. Nilipokaa, nikaona mkono wake unaenda mfukoni.

“Tata Abi,” nikasema, “iache ile simu. Itakulilia tena mu masikio.”

Mkono ukabaki pale pale. Mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu, akawa mwekundu kama udongo wa Kapata baada ya mvua. Halafu, sikutegemea, akacheka kwa pua.

“Uliona, Mama?”

“Nilisikia.”

Akajifuta mikono kwa kitambaa. Alijifuta muda mrefu, kidole kwa kidole, na mimi nikaona nikingoja atamaliza mikono aanze miguu. Nikasema:

“Kesho naenda Kisenge. Sitarudi, nikuambie ukweli. Marlène hajui. Nyumba ni yako, umenivumilia vizuri, sina neno. Lakini mbele ya kuenda nataka nikuulize kitu moja, na unijibu sawa mutu mukubwa. Mi nafikiri hautaki nikae hapa. Ni kweli ao ni hapana?”

Kitambaa kikamwanguka.

“Mama. Mi ndiyo sikutaki?”

“Ni nani anakulaka nje na mvua?”

Akakaa chini, juu ya tairi kuukuu, mbele yangu. Alianza kusema, akaacha. Akaanza tena.

“Nilifikiri unaenda Kisenge juu yangu. Nilifikiri umechoka kuona binti yako na mutu kama miye.”

“Mutu kama weye namna gani?”

“Bile bitendawili, Mama.”

Sikuelewa. Akaangalia gari, siyo mimi.

“Mi niliachaka masomo mbele ya kumaliza. Unajua. Mwalimu wetu alikuwa anatusimamisha moja moja, anauliza, haujui, darasa yote inacheka. Nilitoka kule nikakimbilia mu garage. Mu garage hakuna mutu anakuulizaka, unatengeneza tu. Sasa weye ukafika. Kila siku pa meza, unaniangalia miye: Tata Abi, nambie. Mbele ya batoto. Ile siku ya kamio, Mama, kamio yangu mwenyewe, ninaifungua kila siku, na Joyeuse ndiye anajibu. Nikasema, basi. Ule mama anataka batoto baone baba yabo ni bule.”

 Niliinama kwenye kiti mpaka akaniangalia.

“Tata Abi,” nikasema, “weye unajua mi natega nani?”

“Bote.”

“Hapana. Ule jirani wa pale, umenisikia namutega? Pasta alipofika, nilimutega? Mama yangu alitufundishaka: mugeni unamupa maji, adui unamupa njia, mutu wako unamupa kitendawili. Kile cha kamio nilikitunga wiki muzima. Niliulizia Abi kwa simu kama ile kamio inakunywa mazutu, ile dizeli, ao esanse, ile petroli. Nilitaka kikufurahishe. Nilisema: leo nimemupa mukwe wangu kitu.”

Alikaa na mikono kati ya magoti. Kuku mmoja akapita katikati yetu, akachungulia chini ya gari, akaondoka.

“Mazutu,” akasema.

“Ndiyo, Abi aliniambia.”

Akaanza kucheka, kwa pua kwanza, kisha kwa tumbo, mpaka tairi likatikisika. Mimi nilicheka nikiwa nafuta macho. Sijui kama mmewahi kubeba ndoo kutoka kisimani mbali, halafu mtu akaipokea kichwani mwako bila kukuambia. Shingo inabaki ikishangaa. Ndivyo nilivyokuwa.

“Na kiti?” nikamuuliza. “Juu ya nini ulikiweka kule nyuma?”

“Biti bya salon ni bifupi, Mama. Nilikuwa nakuona unasimama na goti, unauma meno. Nikasema hata mu chumba apate fasi ya kupumuzika. Nilitaka kununua kingine cha mbele, nikaogopa utasema najionyesha.”

Yaani huko kote nilikopita mimi, naye alipita, kila mtu na taa yake, kila mtu anamulika miguu yake tu.

Jumatatu asubuhi Zakaria akapiga honi kwenye lango. Kabla sijavaa viatu, Tata Abi alikwisha kutoka. Nilisikia kila neno kupitia dirishani.

“Mama haendi tena.”

“Eh, jamani. Mzee, kiti cha mbele nimemkatalia hata imamu kwa ajili yake.”

“Umupe imamu.”

“Na yeye mwenyewe anasemaje? Isije ikawa mkwe ndiye amemfungia ndani.”

Nikafungua dirisha. “Ni miye nimekataa, mwanangu. Enda salama. Umusalimie ndugu yangu Muamba, nitamupigia.”

Zakaria akaweka mkono kifuani, akaondoka na kicheko chake na moshi wake. Marlène alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Aliangalia mgongo wa mume wake, akaniangalia mimi.

“Mama, munanificha nini?”

“Umuulize bwana yako.”

Alimuuliza, na huko ndiko mambo yalikoharibika kwa namna nyingine. Maana huyu mtu mpole, anayefunga mlango polepole, kumbe ana maneno. Marlène anasema hajawahi kumsikia hivyo tangu wachumbiane. Akirudi kazini ananawa, anaketi karibu yangu, anaanza. Leo lori fulani limekataa kupanda kutoka chini ya shimo. Ilikuwa siyo injini, watu wote walisema injini, yeye akasema hapana, sikilizeni, ni pampu. Ananionyesha kwa vijiko na kifuniko cha sufuria jinsi mafuta yanavyopita, na wapi yanakwama.

Juzi alinieleza mpaka sombe ikaganda kwenye sahani. Macho yangu yalikuwa yanafunga yenyewe.

“Mama, nakuchokesha,” akasema, akaanza kuokota vijiko vyake. Nikaona uso wake unaanza kujiangalia kwa lile jicho kali.

“Acha ile kijiko fasi yake,” nikamwambia. “Nilipotea pale kwa pampu. Mafuta yanatoka wapi?”

Akavuta kiti, akaanza upya.